Ada ya Kujiunga Ndiyo Ndogo Kuliko Zote: Gharama za Kufungua Mgahawa kwa Jina la Mwingine

Chapa ya mgahawa inapotafuta watu wa kufungua matawi, tangazo lake hubeba namba moja kwa herufi kubwa: ada ya kujiunga. Nchini Marekani ada hiyo mara nyingi huwa kati ya dola 20,000 na 50,000, na mwenye akiba nzuri akiiona hupata moyo. Lakini katika hesabu nzima ya kufungua mgahawa, ada hiyo mara nyingi haifiki hata sehemu moja ya kumi. Fedha nyingi huenda kwingine, na zile zinazoamua kama biashara itaishi au itakufa hulipwa baada ya mlango kufunguliwa, wiki baada ya wiki, kwa miaka 10 au zaidi.

Tuanze na kinachouzwa. Katika franchaizi kuna pande mbili. Mwenye chapa ana jina, mapishi, mpangilio wa jiko, programu za mauzo na orodha ya wasambazaji. Mwendeshaji ana mtaji na muda. Anachopata mwendeshaji ni ruhusa ya kuendesha mgahawa kwa jina hilo, kwa taratibu hizo, mahali palipokubaliwa, kwa muda ulioandikwa. Majiko ni yake, wafanyakazi ni wake, deni la benki ni lake, na hasara ikija ni yake. Jina silo. Mkataba ukiisha, bango hushuka.

Mgahawa unaozungumziwa hapa ni wa daraja la kati: mteja huagiza na kulipa kaunta, hakuna mhudumu wa mezani, lakini chakula huandaliwa mbele yake kwa viungo vibichi, ukumbi ni wa kuvutia, na bei iko juu kidogo ya chakula cha haraka cha kawaida. Mfano unaotajwa kuliko yote ni Chipotle, iliyoanzia Denver mwaka 1993. Ajabu ni kwamba Chipotle haiuzi franchaizi Marekani. Matawi ya huko ni ya kampuni yenyewe. Ilipotaka kuingia Mashariki ya Kati ilisaini mkataba mwaka 2023 na kundi la Alshaya la Kuwait, ambalo tayari lilikuwa likiendesha chapa nyingi za kigeni. Shake Shack nayo humiliki matawi yake mengi ya Marekani na kutoa leseni zaidi nje ya nchi na katika viwanja vya ndege. Kwa hiyo chapa unayoipenda huenda haiuzwi kabisa, au inauzwa kwa makampuni makubwa tu. Nadhani hilo lenyewe ni somo: kampuni inayojua kwamba kila tawi jipya litaingiza faida nono haina haraka ya kumgawia mgeni.

Fedha za kabla ya mlango kufunguliwa

Gharama nzito kuliko zote za mwanzo ni jengo. Mgahawa wa aina hii huhitaji nafasi ya barabarani au katika eneo la maduka, na nafasi hiyo mara nyingi hukabidhiwa ikiwa kuta tupu na sakafu ya zege. Kuanzia hapo mwendeshaji hulipia kila kitu: mabomba, umeme wa kutosha kubeba majiko na majokofu, mfumo wa kufyonza moshi juu ya jiko pamoja na ule wa kuzima moto, shimo la kunasia mafuta kabla maji machafu hayajaingia kwenye mfereji, chumba cha baridi, vyoo, dari, taa, meza. Michoro hutoka kwa mwenye chapa, na rangi ya ukuta si hiari yako. Kwa kuwa jiko liko wazi machoni pa mteja, vifaa ambavyo kwingine vingefichwa nyuma hapa vinapaswa kupendeza, na kupendeza kuna bei.

Anayetaka kupunguza gharama hizi hutafuta nafasi iliyowahi kuwa mgahawa. Mfumo wa moshi na shimo la mafuta vikiwapo na vikiwa vinafaa, akiba yake inaweza kuzidi ada yote ya kujiunga. Lakini kwanza mwenye chapa aikubali nafasi hiyo, na fundi athibitishe kwamba vilivyopo vinakidhi kanuni za sasa za moto na afya. Mfumo wa zamani unaopaswa kung'olewa ni gharama mara mbili. Njia nyingine ni kumwomba mwenye jengo achangie ujenzi. Hukubali mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, kisha hujilipa kwa kupandisha kodi ya pango.

Vifaa vya jiko, mashine za mauzo, skrini za menyu na mabango hufuata. Kisha mali ghafi ya kwanza, vibali vya afya na moto, leseni, bima, wakili, mhasibu. Na mafunzo: kwa kawaida mmiliki na meneja wake huenda wiki kadhaa kwenye tawi linalofanya kazi. Mafunzo yenyewe huhesabiwa ndani ya ada, lakini nauli, malazi na mishahara ya wanaofunzwa ni juu yako.

Kuna gharama moja ambayo watu huisahau kwa sababu haina risiti, nayo ni muda. Kutoka kusaini mkataba hadi kumhudumia mteja wa kwanza, miezi sita ni mwendo mzuri na mwaka mzima si ajabu. Kutafuta nafasi, kuidhinishwa, vibali, ujenzi, ukaguzi: kila hatua husubiri nyingine. Kodi ya pango inaweza kuanza kuhesabiwa kabla ya kuuza hata sahani moja, na riba ya benki haisubiri fundi. Ndiyo maana muda wa bure wa kodi wakati wa ujenzi ni jambo la kupigania kwenye mkataba wa pango, pengine kuliko bei ya kodi yenyewe.

Mwisho kuna mtaji wa kuendeshea, yaani fedha za kufidia miezi ambayo mgahawa haujajilipa. Hapa ndipo makadirio rasmi hupotosha kimyakimya. Nchini Marekani, jedwali la gharama ambalo mwenye chapa anapaswa kumpa mnunuzi lina mstari wa fedha za ziada za kipindi cha mwanzo, na kanuni inataka kipindi hicho kisipungue miezi mitatu. Chapa nyingi huandika miezi mitatu hiyohiyo. Mgahawa mpya unaweza kuchukua mwaka kabla mauzo hayajatulia. Kwa maoni yangu, namba ya mstari huo izidishwe mara tatu, na asiyemudu hilo atafute chapa ndogo au aache.

Kila 100 zinazoingia

Gharama za mwanzo hutisha kwa ukubwa wake, lakini hulipwa mara moja. Zinazofuata ni asilimia, na asilimia huonekana ndogo hadi uziweke zote kwenye mstari mmoja. Tuchukue mgahawa wa kubuni unaouza 100 kwa mwaka, sarafu yoyote, sifuri zozote.

Chakula na vifungashio vichukue 30, mishahara pamoja na ya meneja 30. Hizi mbili ndizo wenye kazi hii huzitazama kwanza. Zikipita 60 kwa pamoja, mengine yote hubanana. Kodi ya pango na tozo zake 9. Umeme, gesi na maji 4. Makato ya malipo ya kadi 2. Bima, matengenezo, programu na usafi 5. Sasa waingie wadai wa chapa: mrabaha, yaani sehemu ya mauzo anayolipwa mwenye chapa kwa kutumia jina lake, 6, mfuko wa matangazo wa chapa 3, na 1 zaidi ambayo mkataba unakutaka uitumie kujitangaza mtaani kwako. Jumla 90. Umebaki na 10.

Hiyo 10 bado si yako. Tuseme kufungua kuligharimu 60, na kati ya hizo 42 ulikopa kwa riba ya asilimia 10 kwa miaka 10. Rejesho la mwaka ni karibu 6.7. Unabaki na 3.3, kabla ya kodi ya mapato na kabla ya kuweka akiba ya jokofu litakalokufa mwaka wa sita.

Sasa mauzo yashuke kwa sehemu moja ya kumi tu, labda kwa sababu barabara inatengenezwa au mshindani amefungua ng'ambo. Unauza 90. Chakula hushuka hadi 27, kadi hadi 1.8, mrabaha na matangazo hadi 9. Mishahara haishuki kwa kiasi hicho, maana kaunta haiwezi kukaa bila mtu, tuseme 28.5. Pango, umeme, bima na matengenezo vinabaki vilevile, 18. Jumla 84.3. Unabaki na 5.7, na benki inataka 6.7. Umeingia kwenye hasara, na bado mwenye chapa amepokea mrabaha wa 5.4.

Huu ndio mgongano ulio katikati ya biashara yote: mwenye chapa hulipwa kwa mauzo, mwendeshaji huishi kwa faida. Ofa ya kununua mbili kwa bei ya moja hupandisha mauzo na mrabaha pamoja, huku ikila faida ya aliyepika. Tawi la pili kufunguliwa karibu na lako huongeza mauzo ya chapa hata kama linapunguza yako. Hakuna njama yoyote hapo. Kila upande unafuata hesabu yake. Lakini ukilielewa hilo utasoma mkataba kwa jicho jingine.

Oda za kuletewa nyumbani hubana zaidi. Majukwaa ya usambazaji hukata kamisheni ambayo mara nyingi huwa kati ya asilimia 15 na 30 ya oda, na mikataba mingi huhesabu mrabaha kwenye bei kamili aliyolipa mteja, si kwenye kilichokufikia. Oda ya 100 ikikatwa 25, kisha 9 za mrabaha na mfuko wa matangazo, kisha 30 za chakula, unabaki na 36 za kulipia mishahara, pango na mengine yote. Ikiwa wafanyakazi walikuwa wamekaa bila kazi, oda hiyo ni neema. Ikiwa imechukua nafasi ya mteja ambaye angekuja kaunta, umepoteza. Uliza mapema neno mauzo limefafanuliwaje katika mkataba. Ufafanuzi huo unaweza kuwa na thamani kubwa kuliko punguzo lolote la ada.

Asilimia ya mrabaha pekee pia hailinganishiki kati ya chapa na chapa. McDonald's, ambayo si ya daraja hili lakini kila mtu anaijua, ilitoza mrabaha wa asilimia 4 kwa miaka mingi na kuupandisha hadi 5 kwa matawi mapya ya Marekani kuanzia 2024. Unaonekana mdogo, hadi ukumbuke kwamba kwa kawaida kampuni hiyo ndiyo pia mwenye pango, na kodi yake nayo hufuata mauzo. Chapa nyingine hutoza mrabaha mdogo kisha hupata faida kwenye viungo unavyolazimika kununua kwake au kwa msambazaji anayemrudishia kamisheni.

Mtego huo wa manunuzi una historia. Quiznos, mgahawa wa mikate ya nyama ulioanza Denver mwaka 1981, ulikua hadi kukaribia matawi 5,000 katikati ya miaka ya 2000. Waendeshaji wake wengi walikwenda mahakamani wakidai kwamba walilazimishwa kununua mali ghafi kwa bei ya juu kupitia kampuni iliyohusiana na mwenye chapa. Matawi yakaanza kufungwa kwa mamia, na Machi 2014 kampuni ikaomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai. Ushindani na kuyumba kwa uchumi vilichangia, hakika. Lakini ukiuza viungo kwa bei inayomnyima mwendeshaji faida, mwishowe utakosa wa kumuuzia.

Wanachokutaka uwe

Masharti ya kukubaliwa huanza na fedha, na hapa kuna vipimo viwili vinavyochanganywa. Kimoja ni thamani halisi ya mali: vyote ulivyonavyo ukiondoa madeni, nyumba ikiwamo. Kingine ni fedha zilizo tayari, yaani taslimu au kitu cha kugeuzwa taslimu kwa siku chache. Mwenye nyumba kubwa na akaunti nyembamba hufaulu kipimo cha kwanza na kuanguka cha pili. Cha pili ndicho wanachokitazama zaidi, kwa sababu benki nayo hutaka kuona sehemu ya mtaji ikitoka mfukoni mwako. Kwa mradi mpya wa mgahawa, kuchangia asilimia 20 hadi 30 ni jambo la kawaida.

Uzoefu ni sharti la pili. Chapa changa hupokea hata asiyewahi kushika mwiko, kwa sababu zinahitaji matawi. Chapa kubwa za daraja hili hupendelea mtu aliyewahi kuendesha migahawa kadhaa, na mara nyingi haziuzi tawi moja: hutaka usaini kufungua matatu, matano au zaidi ndani ya miaka kadhaa, huku ukilipa sehemu ya ada za yote mwanzoni. Kuwa mwangalifu na ratiba hiyo. Ukishindwa kufungua la pili kwa wakati, unaweza kupoteza eneo na ada uliyotanguliza, hata kama tawi la kwanza linakwenda vizuri.

Wengine hutaka mmiliki awepo mwenyewe kila siku. Wengine huruhusu meneja, mradi amefunzwa. Karibu wote hutaka dhamana binafsi. Watu huunda kampuni wakidhani deni litaishia kwenye kampuni, kisha husaini karatasi inayosema kwamba kampuni ikishindwa, wao wenyewe watalipa. Mwenye jengo hutaka karatasi kama hiyo, benki pia. Ukisaini zote tatu, kinga ya kampuni imebaki jina tu. Kinachowezekana kujadiliwa ni kiwango cha juu cha dhamana, au ipungue mwaka hadi mwaka.

Nyaraka ya kusoma kabla ya kalamu

Marekani ina kanuni ya shirikisho kuhusu franchaizi iliyoanza kutumika mwaka 1979 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2007. Inamtaka mwenye chapa amkabidhi mnunuzi nyaraka yenye vipengele 23 angalau siku 14 kabla ya kusaini au kulipa chochote. Ufaransa ina sheria ya mwaka 1989 inayotaka taarifa zitolewe siku 20 kabla. Australia ni siku 14, Brazil siku 10. Afrika Kusini humpa mnunuzi siku 10 za kazi za kubatilisha mkataba baada ya kusaini. Nchi nyingi hazina sheria maalumu, na huko mkataba ndio sheria. Lakini chapa inayouza Marekani tayari ina nyaraka hiyo, na hakuna ubaya kuiomba popote ulipo. Mwenye chapa akikataa kukuonyesha, umeshajifunza kitu.

Si vipengele vyote 23 vyenye uzito sawa. Cha 7 ni jedwali la gharama za mwanzo, likiwa na kiwango cha chini na cha juu. Panga kwa cha juu. Cha 8 kinaeleza unalazimika kununua wapi na mwenye chapa anapata nini kwenye manunuzi hayo. Cha 19 ndicho watu hukikimbilia, kwa sababu ndipo penye mauzo na wakati mwingine faida za matawi, lakini si lazima kijazwe. Kikiwa kitupu, muuzaji haruhusiwi kukunong'oneza namba pembeni. Kikijazwa, angalia ni matawi gani yamehesabiwa: wastani wa matawi ya kampuni yenyewe, yaliyoko kwenye kona bora za mji, hausemi lolote kuhusu lako.

Mimi ningeanza na cha 20. Kina hesabu ya miaka mitatu ya matawi yaliyofunguliwa, yaliyofungwa na yaliyouzwa kwa mwingine, pamoja na namba za mawasiliano za waendeshaji waliopo na walioondoka mwaka uliopita. Wapigie, na uanze na walioondoka. Usiwaulize kama wanaipenda chapa. Waulize ujenzi ulizidi makadirio kwa kiasi gani, walianza lini kujilipa mshahara, na wangesaini tena kama wangerudishwa nyuma. Matawi mengi yakiwa yamebadilisha mikono badala ya kufungwa, usifarijike haraka, kwa maana mara nyingi huyo wa kwanza aliuza kwa hasara na chapa haikulazimika kuandika kwamba tawi limekufa.

Kama chapa inatoka nchi nyingine, kuna jambo moja zaidi. Mrabaha unaovuka mpaka mara nyingi hukatwa kodi ya zuio nchini mwako, yaani kodi inayokatwa kwenye malipo kabla hayajamfikia anayelipwa, na mikataba mingi husema mwenye chapa lazima apokee kiasi kamili. Maana yake kodi hiyo unailipa wewe, juu ya mrabaha. Kwa kuwa malipo ni kwa sarafu yake na mauzo ni kwa yako, kila sarafu yako inaposhuka thamani, ada na viungo vya kutoka nje hupanda ingawa asilimia haijabadilika. Ile 3.3 ya mfano wetu haina pa kujibana kwa mshtuko wa namna hiyo.

Hatimaye soma sehemu ya kutoka kabla ya kuingia. Muda wa kawaida ni miaka 10, na kuhuisha si haki isiyo na masharti: utalipa ada, utasaini mkataba wa wakati huo, ambao unaweza kuwa mkali kuliko wa kwanza, na utakarabati ukumbi ufuate sura mpya ya chapa. Ukitaka kuuza kabla ya hapo, mnunuzi wako lazima akubaliwe, ada ya uhamisho ilipwe, na mwenye chapa ana haki ya kununua mwenyewe kwa bei uliyopewa. Ukiondoka, kifungu cha kutoshindana kinaweza kukuzuia kuendesha mgahawa unaofanana katika eneo hilo kwa mwaka mmoja au miwili, huku mkataba wa pango ukiendelea kudai kodi. Linganisha tarehe mbili, ya mwisho wa franchaizi na ya mwisho wa pango. Zikipishana kwa miaka mitano, omba zirekebishwe kabla hujasaini, kwa sababu baada ya hapo utakuwa ukilipia jiko usiloruhusiwa kupikia.